Kitabu cha Vekta Mpakani: Uteuzi wa Vitabu vya Hisabati Tororo na Busia

Mwanafunzi anayeingia chuo kikuu kusomea uhandisi, fizikia au hisabati hukutana, aghalabu katika mwaka wa pili, na somo liitwalo kalkulasi ya vekta. Ni hisabati ya vitu vyenye ukubwa na mwelekeo kwa pamoja, kama vile upepo, mkondo wa maji na nguvu ya sumaku, na ya jinsi vitu hivyo vinavyobadilika kutoka mahali hadi mahali. Swali la kwanza analowauliza waliomtangulia ni lile lile daima: nisome kitabu gani? Hupewa jina la kitabu kimoja, na mara nyingi kitabu hicho si kibaya. Kasoro ya jibu hilo ni kwamba linawachukulia wanafunzi wote kuwa wamepita mlango mmoja.

Katika makala haya twakusudia kuonyesha, kwa mfano wa nchi iliyo chini ya Mlima Masaba, yaani Tororo na Busia zote mbili, kwamba kitabu kinachomfaa mwanafunzi wa chuo huwa kimekwisha chaguliwa nusu miaka mingi kabla ya siku hiyo, tena na watu ambao yeye hatawaona kamwe. Huenda msomaji akauliza haya yanamhusu nini mwalimu wa Kiswahili. Yanamhusu kwa sababu vitabu vyote tutakavyovitaja viliandikwa kwa Kiingereza, ilhali sehemu kubwa ya maelezo yanayowafanya wanafunzi wavielewe husemwa kwa lugha nyingine, na katika mji wa mpakani lugha hiyo mara nyingi ni yetu.

Mlima Masaba, ambao ramani huuita Elgon, una kimo cha mita 4,321. Maji ya upande wake wa kusini hugawanyika kwa namna inayostahili kutazamwa na kila mwalimu wa jiografia: Mto Malaba huelekea magharibi hadi Mpologoma na Ziwa Kyoga, ilhali Mto Sio, utokao upande wa Bungoma, huingia Ziwa Victoria. Mito hiyo miwili imetumiwa kuwa mpaka wa nchi mbili, ingawa watu wa ng'ambo zote ni wale wale. Wasamia wako Kenya na Uganda. Waiteso wako Kenya na Uganda. Wagisu na Wabukusu wanautazama mlima mmoja kutoka pande mbili. Hadi mwaka 1902 nchi hii yote ilikuwa chini ya serikali ya Uganda, ndipo Jimbo la Mashariki lilipokatwa na kutiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Kisha ikaja reli, iliyofika Kampala mwaka 1931 kwa kupitia Tororo, na pamoja na reli wakaja makarani, mafundi, wachukuzi na wafanyabiashara wa kila kabila. Watu hao walihitaji lugha moja, nao wakaitumia ile iliyokuwa imepanda na reli kutoka pwani. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi katika shule na utawala wa Uganda, upinzani mkali ulitoka Buganda. Huku mpakani lugha haikungoja waraka wa gavana.

Kwa muda mrefu mpaka huo haukuwa na maana kubwa katika hisabati. Mtoto wa Tororo na mtoto wa Busia ya Kenya walifanya mtihani mmoja wa Cambridge, na baada ya mwaka 1967 wakawa chini ya Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki. Vitabu vyao vilikuwa vya ukoo mmoja pia. Jina lililotawala lilikuwa la Clement Durell, mwalimu wa Kiingereza ambaye vitabu vyake vya hesabu, aljebra na jiometri vilienea katika makoloni yote ya Uingereza. Aliyefika kidato cha tano na cha sita alikutana na Backhouse na Houldsworth, ambao kitabu chao cha hisabati tupu kilitoka mwaka 1957 na kikakaa mikononi mwa wanafunzi wa Uganda kwa vizazi.

Hata chuo kikuu kilikuwa kimoja. Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilianzishwa mwaka 1963, kikiunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na masomo ya kitaalamu yakagawanywa: udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Kwa hiyo kijana wa Tororo aliyetaka kuwa mhandisi hakwenda Kampala. Alipanda gari moshi la kuelekea mashariki, akavuka mpaka, na kalkulasi yake ya vekta akaisomea Nairobi, darasa moja na kijana wa Busia. Makerere haikupata kitivo chake cha teknolojia mpaka mwaka 1970, chuo hicho cha pamoja kilipovunjwa.

Sasa tujiulize: kijana huyo alikuwa na nini kichwani alipoingia darasa hilo? Katika vitabu vya kina Durell hapakuwa na sura ya vekta katika kidato cha kwanza hata cha nne. Vekta ilikuja kwa mlango wa nyuma, katika somo la mekanika au la fizikia, kwa jina la nguvu. Mwanafunzi alifundishwa kwamba nguvu mbili zikivuta kitu kimoja kutoka pande mbili, achore mishale miwili, akamilishe msambamba, na ulalo wake utakuwa nguvu ya jumla. Alichora kwa rula na kupima kwa rula. Kwake yeye vekta ilikuwa mshale: picha, kitu cha kuonwa kwa macho na kupimwa kwa mkono. Akiulizwa mtu aliyetembea kilomita 3 mashariki na kilomita 4 kaskazini yuko umbali gani na alikoanzia, alichora pembetatu na kupima kilomita 5.

Mambo yalibadilika kuanzia Entebbe. Mwaka 1962 wanahisabati na walimu kutoka nchi kadhaa za Afrika, pamoja na wenzao wa Marekani na Uingereza, walikutana katika mji huo kuandika vitabu vipya vya hisabati kwa shule za Afrika. Kiongozi wao alikuwa William Ted Martin, mkuu wa idara ya hisabati ya chuo cha MIT huko Massachusetts, na mikutano kama ule iliendelea kwa miaka kadhaa. Nia ilikuwa njema. Marekani ilikuwa bado katika mshtuko wa chombo cha Warusi kilichorushwa angani mwaka 1957, na wataalamu wake waliamini kwamba mtoto akifundishwa misingi ya hisabati, yaani seti na sheria za namba, badala ya kukaririshwa kanuni, ataelewa yote yatakayofuata. Vitabu vilivyotoka huko viliitwa kwa jina la mji wenyewe, hisabati ya Entebbe. Karibu na wakati huo ukaja mkondo wa pili kutoka Uingereza, ambako mradi wa SMP ulikuwa umeanza mwaka 1961. Vitabu vyake vilifanyiwa marekebisho vikawa vitabu vya SMEA, yaani hisabati ya shule za Afrika ya Mashariki.

Tororo haikuwa mbali na mambo hayo. Mwaka 1965 ilifunguliwa Shule ya Wasichana ya Tororo, iliyojengwa kwa fedha za serikali ya Marekani na kusaidiwa na walimu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts. Hivyo jimbo lile lile la Marekani lililotoa kiongozi wa kazi ya Entebbe lilitoa pia walimu wa kufundisha chini ya Mwamba wa Tororo. Tunalitaja hili kwa kuwa historia ya vitabu vyetu mara nyingi huandikwa kana kwamba vilishuka kutoka wizarani peke yake. Vitabu huja na watu, na watu hao huja na desturi za walikotoka.

Katika vitabu vya mkondo wa SMP vekta ilitoka mlango wa nyuma ikakaa sebuleni. Ilifundishwa mapema, wala si kwa jina la nguvu bali kwa jina la mwendo: kitu kimehama kutoka hapa hadi pale, hatua 3 kulia na hatua 4 juu. Haikuhitaji tena mshale. Iliandikwa kwa namba mbili, moja juu ya nyingine, ndani ya mabano, 3 juu na 4 chini. Vekta mbili zilijumlishwa kwa kujumlisha namba za juu na za chini, bila rula wala penseli iliyochongwa. Kisha nguzo hizo za namba zikapangwa pamoja zikawa matriksi, na matriksi ikaweza kugeuza, kupindua na kunyoosha umbo zima. Mwanafunzi wa vitabu hivi angeweza kufanya kwa dakika tano kazi iliyomchukua kaka yake nusu saa. Lakini ulipomwuliza nguzo yake ya namba inavuta kitu kwa upande gani, baadhi yao walikutazama tu.

Basi zikawapo aina mbili za vijana. Mmoja anaona mshale wala hana namba. Mwingine ana namba wala haoni mshale. Kalkulasi ya vekta humtaka mwanafunzi awe navyo vyote viwili, tena avuke kutoka kimoja hadi kingine mara kumi katika ukurasa mmoja.

Mvutano huo wa picha na namba haukuanzia Afrika, na msomaji akiujua atawahukumu waandishi wa Entebbe kwa haki zaidi. Tarehe 16 Oktoba 1843, William Rowan Hamilton alikuwa akitembea kando ya mfereji mjini Dublin alipogundua namna ya kuzidisha namba zenye sehemu nne. Akaikwaruza kanuni yake kwenye jiwe la daraja. Namba hizo aliziita kwaternioni, na neno vekta lenyewe ni lake: ni jina alilolipa sehemu tatu za namba hizo zinazoonyesha mwelekeo. Mfuasi wake, Mskoti Peter Guthrie Tait, aliandika kitabu cha kwaternioni mwaka 1867 na akakilinda kama mali ya ukoo. Wakati huo James Clerk Maxwell alikuwa akitafuta lugha ya kuelezea umeme na sumaku, na katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1873 alitumia namba za kawaida na kwaternioni kwa pamoja, jambo lililowachosha wasomaji wengi.

Watu wawili waliosoma Maxwell, kila mmoja peke yake, waliamua kutupa sehemu ya nne na kubakiza vekta tupu. Mmoja alikuwa Josiah Willard Gibbs wa Chuo Kikuu cha Yale, mtu mkimya aliyechapisha kijitabu kwa ajili ya wanafunzi wake kwa sehemu mbili, mwaka 1881 na 1884, wala hakukiuza madukani. Wa pili alikuwa Oliver Heaviside, Mwingereza aliyeacha shule akiwa na miaka 16, akafanya kazi ya simu za maandishi, na akajifundisha hisabati ya juu chumbani mwake. Tait aliwashambulia kwa maneno makali, nao wakamjibu, na kwa miaka kadhaa katika muongo wa 1890 jarida la Nature lilijaa mabishano ya wanasayansi wazima kuhusu alama za kuandikia. Ugomvi ulimalizwa na kitabu cha kiada. Mwaka 1901 Edwin Bidwell Wilson, kijana wa miaka 22 aliyekuwa amehudhuria masomo ya Gibbs, aliyaandika masomo hayo yakawa kitabu kiitwacho Vector Analysis. Tait alifariki mwaka huo huo. Vitabu vyote vya kalkulasi ya vekta anavyouziwa mwanafunzi leo, Nairobi au Kampala, ni wajukuu wa kitabu kile cha kijana wa miaka 22.

Katika urithi huo imo alama moja ambayo walimu wa lugha wataipenda. Ni pembetatu iliyosimama juu ya ncha yake, nayo huitwa nabla. Jina hilo lilipendekezwa kwa Tait na William Robertson Smith, mtaalamu wa lugha za Kisemiti, kwa kuwa alama ilifanana na kinubi cha kale kilichoitwa hivyo. Waiteso wa pande zote mbili za mpaka wanacho kinubi chao, adeudeu, chenye shingo iliyopinda na nyuzi zinazokaza kutoka shingoni hadi tumboni. Mwalimu wa hisabati wa Tororo anayeandika nabla ubaoni ana mfano karibu zaidi kuliko aliokuwa nao Robertson Smith.

Turudi mpakani. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani mwaka 1971. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na pamoja nao wakaondoka walimu wengi wa hisabati na sayansi na wauzaji wengi wa vitabu. Wamarekani nao wakafunga kazi zao. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Ilipofika mwaka 1980 Kenya na Uganda zilikuwa kila moja na baraza lake la mitihani. Idara ya vitabu ya Afrika ya Mashariki, ambayo tangu mwisho wa miaka ya 1940 ilikuwa ikichapisha vitabu kwa ajili ya nchi zote, nayo iligawanyika, na sehemu yake ya Nairobi ikawa Kenya Literature Bureau, ambayo vitabu vyake vya hisabati ya sekondari viko katika mifuko ya watoto wa Busia hadi leo.

Katika miaka hiyo mji wa Busia ulijulikana kwa biashara moja, na neno letu la magendo likaingia katika usemi wa kila siku wa Waganda, hata wasiojua Kiswahili. Kahawa ilivuka kwenda Kenya. Sabuni, sukari na mafuta ya taa vikavuka kuja Uganda. Katika hali kama hiyo uteuzi wa kitabu haukuwa tena suala la ubora. Aliyekuwa na Durell alifundisha Durell, na aliyekuwa na nakala moja ya SMEA iliyokatika mgongo aliinakili ubaoni. Ni kejeli ya historia kwamba hapo ndipo Kiswahili kilipotangazwa kuwa lugha ya taifa ya Uganda, mwaka 1973, wakati ambapo hapakuwa na karatasi ya kukichapishia kitabu.

Upande wa Kenya mageuzi yalikuja kwa tamko. Wazazi na walimu walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba watoto wanajua seti lakini hawawezi kuhesabu chenji ya dukani, na mwaka 1981 Rais Daniel arap Moi aliamuru hisabati mpya iondolewe shuleni. Jina liliondoka. Vekta, matriksi na mageuzi ya maumbo, hata hivyo, vilibaki katika mtaala uliofuata, na vikaendelea kufundishwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye somo la historia hii: kilichopigwa marufuku kilikuwa jina la kitabu, si fikira zake, na kwa kuwa hakuna aliyekaa chini kueleza fikira zipi zimebaki na kwa nini, walimu waliendelea kufundisha nguzo za namba bila mshale kama walivyozikuta.

Kisha Kenya ikafuta kidato cha tano na cha sita. Mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ulifanywa mwaka 1989. Uganda haikufuta. Tangu hapo, mahali penye mpaka wa mita chache, kati ya Busia na Busia, pakawa na njia mbili tofauti za kuelekea kalkulasi ya vekta. Mwanafunzi wa Kenya chini ya 8-4-4 alisoma vekta katika kidato cha pili na cha tatu, akafika kwenye vipimo vitatu, akaonja kalkulasi kidogo katika kidato cha nne, kisha akaingia chuo moja kwa moja; kuzidisha vekta kwa vekta hakukuwamo katika mtaala wake. Mwenzake wa Uganda alikaa miaka miwili zaidi na mistari na bapa katika vipimo vitatu, na mekanika kando yake. Mapigano yaliyotokea mpakani Busia mnamo Desemba 1987 yaliandikwa katika magazeti yote na yakasahauliwa. Huu mwachano wa mitaala haukuandikwa popote, nao ulidumu zaidi ya miaka 30. Sasa Kenya imo katika mabadiliko mengine: mtaala wa umilisi, ulioanza kuingia shuleni mwaka 2017, una sekondari ya juu ya miaka mitatu.

Kwa hiyo mwanafunzi akituuliza asome kitabu gani, nasi tumwulize kwanza ametoka wapi. Aliyelelewa na mekanika, mwenye mshale kichwani, atastarehe na kitabu cha zamani cha Weatherburn cha mwaka 1921, ambacho huanza na umbo na nguvu, ingawa uchapaji wake umezeeka. Aliyelelewa na nguzo za namba na matriksi atafaa kuanza na Marsden na Tromba, kitabu cha mwaka 1976 kinachojenga kila kitu kutoka kwenye namba za mahali, kisha kinamfikisha polepole kwenye picha. Ni kinene, tena ni ghali. Kwa wote wawili tungependa pia wasome kijitabu cha Schey cha mwaka 1973, chembamba na chenye ucheshi, kinachotumia umeme tuli kueleza kila fikira. Kasoro yake ni kwamba asiyejua umeme tuli atabeba mizigo miwili.

Kipo kitabu cha nne ambacho kila mtu anacho, nacho ni cha Murray Spiegel, cha mwaka 1959, katika mfululizo wa Schaum. Kina maswali 480 yaliyofanywa hatua kwa hatua. Katika nchi ambako vitabu vilikuwa haba na walimu wachache, haishangazi kwamba kitabu kinachotoa majibu kilipendwa kuliko vyote. Hatukidharau. Lakini hicho ni rafiki wa kufanyia mazoezi, si mwalimu wa kwanza, na mwanafunzi aliyekisoma peke yake hujulikana upesi: hupata jibu sahihi, wala hawezi kusema jibu hilo ni la swali gani. Njia rahisi ya kupima kitabu chochote dukani ni kukifungua mahali pale fikira ngumu inapotajwa kwa mara ya kwanza, na kutazama kama mwandishi ametoa mfano wa kitu kinachoonekana kabla ya kuandika alama.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye kazi yetu sisi walimu wa Kiswahili. Tanzania ilianza mwaka 1967 kufundishia shule za msingi kwa Kiswahili, hisabati ikiwamo, na BAKITA, iliyoundwa mwaka huo huo, ikaanza kutoa istilahi sanifu. Kwa kazi hiyo mtoto wa Afrika ya Mashariki ana mraba, mstatili, pembetatu, kipenyo na nusu kipenyo, maneno ambayo yeyote huyasema bila kujikwaa. Sekondari haikufuata, licha ya mapendekezo ya tume ya mwaka 1982, na istilahi za hisabati ya juu zikabaki nyuma. Tuna vekta, tuna uga kwa eneo lenye nguvu, kama uga wa sumaku. Kwa fikira tatu zilizo moyo wa kalkulasi ya vekta, mwalimu anayetaka kueleza kwa Kiswahili hujitungia mwenyewe.

Ya kwanza ni rahisi. Simama mahali popote kwenye mteremko wa Masaba: uko mwelekeo mmoja ambao ardhi hupanda kwa ukali kuliko kwingine kote, na ukali huo una kipimo. Hiyo ni vekta, na kila mahali mlimani pana yake. Tusiiite mteremko, maana mshale wake huelekea juu. Mwinuko nalo limekwisha chukuliwa na walimu wa jiografia kwa maana ya kimo kutoka baharini. Huenda mkweo likafaa.

Ya pili ni chemchemi. Zungushia kamba mahali penye maji. Ikiwa maji yanayotoka nje ya kamba ni mengi kuliko yanayoingia, ndani yake pana chanzo. Mtawanyiko limo tayari katika takwimu, na mbubujiko lina sauti ya maji yenyewe.

Ya tatu ndiyo iliyotushinda. Tupa jani katika Mto Malaba karibu na ukingo, mahali ambapo maji ya katikati huenda mbio na ya ukingoni hukawia. Mto unakwenda moja kwa moja, hauna kizingia chochote, lakini jani linasafiri huku likijizungusha, kwa sababu upande wake mmoja unasukumwa kuliko mwingine. Kipimo cha kujizungusha huko ndiyo fikira yetu ya tatu. Ukiiita mzunguko, mwanafunzi atadhani ni lazima mto uzunguke, na atakosea swali la kwanza katika mtihani. Tena mzunguko ni neno la mafundi wa umeme. Msokoto lingefaa sana kwa maana, kwani ndivyo kamba inavyosokotwa, ila mwalimu wa kidato chochote anajua darasa litacheka kitu gani akilitamka. Mzinguo lina asili nzuri, lakini vijana wa Nairobi wamekwisha lichukua kuzingua kwa maana ya kuleta udhia. Walimu wa Tororo, wa Malaba na wa Busia zote mbili, ambao huliona jani hilo kila wanapovuka daraja, wanaombwa watuletee neno lao.